Fidia ya Mtu Aumiaye Kazini

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo mtu aweza kudhani ni la mjini tu, tena la matajiri na makarani wao. Lakini tukifika mwisho mtaona ya kuwa lawahusu sana watu wa vijijini, kwa kuwa gharama yake mara nyingi huja kulipwa shambani. Jambo lenyewe ni hili: mtu akiumia kazini, ni nani amtunzaye, na kwa fedha ya nani?

Wengi wenu mnao watoto, ndugu au wajomba walioondoka nyumbani kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Si wengi kati yao wakaao katikati ya mji penye maduka makubwa na ofisi. Walio wengi huishi na kufanya kazi pembeni mwa mji, upande wa Temeke na upande wa Kinondoni, na huko ndiko tutakakokwenda kwanza ili tuione kazi yenyewe.

Katika Temeke, ukipita Keko na Chang'ombe, utasikia tangu asubuhi sauti ya misumeno na randa za umeme. Huko ndiko yanakotengenezwa makabati, vitanda na meza za nyumba nyingi za mji. Kurasini, karibu na bandari, watu hupakia na kupakua shehena mchana na usiku. Mbagala kuna viwanda na maghala. Upande wa Kinondoni, nyumba za ghorofa zajengwa kila mahali, na vijana waitwao saidia fundi hupanda juu ya majukwaa ya miti na ndoo za zege mabegani. Kunduchi watu hupasua mawe wakapata kokoto, na huko Wazo, karibu na Tegeta, kiwanda cha saruji kimefanya kazi tangu miaka ya 1960. Kazi hizi zote ni kazi za heshima, na bila ya hizo mji usingejengwa. Lakini kila moja ina hatari yake. Randa haipambanui kati ya mbao na kidole. Jukwaa likikatika kamba halimngoji aliye juu yake. Vumbi la mawe nalo huingia kifuani kidogo kidogo, hata mtu akaja kuugua baada ya miaka mingi bila ya kukumbuka siku aliyoanza.

Basi na tutoe mfano. Tuseme kijana mmoja ametoka kijijini akapata kazi katika karakana ya samani, kwa mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Siku moja ubao wamrudia kwa nguvu, mkono wake wavutwa na mashine, na vidole vitatu vyakatika. Wenziwe wamfunga kitambaa na kumkimbiza hospitali. Tajiri wake ni mtu mwema, atoa fedha ya dawa siku ile, na siku ya pili aja kumtazama. Wiki ya tatu amwambia, "Mwanangu, nenda nyumbani ukapumzike. Ukipona utarudi." Kijana aitikia, "Ahsante, mzee," apanda basi na kurudi kwao.

Huko nyumbani mkono wataka kusafishwa na kufungwa kila siku. Mama auza mbuzi mmoja, kisha wa pili. Fedha aliyokuwa akiileta kijana kila mwezi imekoma, na mdogo wake akosa sare na madaftari. Jembe lamshinda, maana jembe lataka mikono miwili. Sasa twauliza: ajali ilitokea Keko; ni nani aliyeilipia? Imelipiwa na mbuzi wa mama yake na madaftari ya mdogo wake. Samani ile imekwisha kuuzwa, mnunuzi ameridhika, tajiri amepata faida yake, na hasara imesafiri kwa basi mpaka kijijini.

Hilo ndilo sheria ya fidia iliyokuja kuliondoa. Maana yake ni nyepesi. Kazi ndiyo iletayo faida, na kazi ndiyo iletayo ajali. Basi gharama ya ajali iwe sehemu ya gharama ya kazi, kama vile mbao, misumari na umeme zilivyo gharama za kazi. Fundi hanunuliwi misumari kwa huruma; hununuliwa kwa sababu kabati halisimami bila misumari. Kadhalika fidia si sadaka.

Fikira hii ina umri mkubwa. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga yake ya fidia mwaka 1897. Katika Tanganyika sheria ya namna hiyo ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, miaka ileile ambayo wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam walifanya mgomo mkubwa, mwaka 1947, ukaenea mpaka miji ya bara. Sheria ile ilikuwa mwanzo mwema, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, mzigo ulikuwa juu ya mwajiri mmoja mmoja. Mwajiri mwenye mali aliweza kulipa. Mwajiri maskini alishindwa. Na mwajiri mkaidi alimwacha mgonjwa ahangaike na mashauri. Ya pili, viwango vyake vilibaki palepale huku thamani ya shilingi ikishuka mwaka hata mwaka. Ilifika hata mtu aliyepata kilema cha maisha hakuweza kulipwa kwa sheria ile zaidi ya shilingi 108,000.

Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria mpya, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini kutunga sheria na kuitenda ni mambo mawili, na Mfuko wenyewe ulianza kazi mwezi Julai 2015. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36, mafundi na vibarua wakiwa miongoni mwao. Sheria ilikuwa imekwisha kuandikwa, lakini Mfuko wa kuwatunza wafiwa haujaanza bado. Tukumbuke hayo tuonapo watu wakisema kwamba jambo hili laweza kungoja.

Sasa natueleze jinsi Mfuko ufanyavyo kazi. Kila mwajiri wa Tanzania Bara, awe wa serikali au mtu binafsi, yampasa kujiandikisha na kutoa mchango kila mwezi kwa kadiri ya mishahara anayolipa. Mchango wa waajiri binafsi ulikuwa asilimia 1 ya mishahara ulipoanza. Mwaka 2021 ulipunguzwa ukawa asilimia 0.6, na mwaka 2022 ukawa asilimia 0.5, sawasawa na ule wa serikali. Mchango huu hulipwa na mwajiri peke yake. Si halali hata kidogo kumkata mfanyakazi senti moja kwa ajili yake.

Fedha hizo zote hukusanywa mahali pamoja, na mtu akiumia au akipata ugonjwa utokanao na kazi, Mfuko ndio umtunzao. Hulipa matibabu. Humlipa mgonjwa wakati hawezi kufanya kazi. Humlipa aliyebaki na kilema cha kudumu. Humlipa mtu wa kumhudumia yule ambaye hawezi kujihudumia mwenyewe. Humsaidia aliyeumia apate kurudi katika kazi na maisha yake. Akifa, hutoa msaada wa mazishi, na huwalipa wale waliomtegemea, yaani mjane au mgane na watoto. Wala mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri wake alikosa. Yatosha kuthibitisha kwamba aliumia katika kazi yake.

Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu, maana hesabu yake ni rahisi na yafaa kuifanya wenyewe. Mshahara wa kijana wetu ni shilingi 300,000. Asilimia 0.5 yake ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Tajiri wake akiwa na watu kumi wa mshahara huo, atatoa shilingi 15,000 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 180,000. Basi kijana akiumia asiweze kazi, sheria yaagiza alipwe asilimia 70 ya mshahara wake kila mwezi, muda usiozidi miezi 24. Asilimia 70 ya shilingi 300,000 ni shilingi 210,000. Kwa miezi 24 ni shilingi 5,040,000, mbali na matibabu. Je, karakana ile ya watu kumi ingechukua muda gani kuchanga fedha hiyo? Gawanyeni kwa 15,000; mtapata miezi 336, yaani miaka 28. Kumbe tajiri mmoja hawezi kuuweka akiba mzigo huu peke yake, lakini wengi wakichanga, mzigo wa mmoja huwa mwepesi kwa wote. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Na ikiwa baada ya kupona vidole havikurudi, kama visivyorudi, madaktari hupima kilema chake. Kilema kisichozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Kikizidi hapo, mtu hupewa pensheni ya kila mwezi. Kwa njia hiyo mbuzi wa mama hubaki zizini.

Ikiwa jambo ni jema hivi, mbona wako waajiri wasiojiandikisha? Hatupendi kuwahukumu wote kwa neno moja, kwa hiyo na tuzisikie sababu zao, tena tuzijibu.

Wa kwanza asema, "Karakana yangu ni ndogo, nina watu watatu tu." Twamjibu kwamba sheria yamtaja kila mwajiri, haikusema mwenye watu mia. Tena aliye mdogo ndiye ahitajiye zaidi kinga hii, maana kiwanda kikubwa chaweza kustahimili hasara ya ajali moja, lakini karakana ya watu watatu yaweza kufungwa kwa ajali moja.

Wa pili asema, "Miaka kumi sasa hakuna aliyeumia kwangu." Twamwambia amshukuru Mungu, lakini asiifanye miaka kumi iliyopita kuwa mdhamini wa kesho. Mtu huezeka nyumba wakati wa jua. Aanzaye kukata makuti mvua imekwisha kunyesha, wanawe watalowa.

Wa tatu asema, "Mimi huwasaidia watu wangu mwenyewe, wao ni kama wanangu." Huyu twamheshimu, maana wema ni wema. Lakini wema hutegemea mfuko wa mtu na moyo wake siku ile. Biashara ikiharibika, wema nao hupungua, na mgonjwa hawezi kusema neno, kwa sababu apokeaye msaada hana haki ya kudai. Mtoto anayependwa hasa huwekewa urithi ulioandikwa, haachwi kungoja kukumbukwa.

Wa nne hasemi waziwazi, lakini twamjua. Yeye haogopi mchango, aogopa daftari. Aona kwamba jina lake likiandikwa mahali pamoja, litaulizwa na mahali pengine. Huyu na apime hatari mbili. Kwa sheria hii, mwajiri asiyejiandikisha aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 50, au kufungwa muda usiozidi miaka 5, au yote mawili. Aepukaye shilingi 15,000 kwa mwezi ajiweka katika hatari ya milioni 50, na hiyo si hesabu ya mfanyabiashara.

Yuko wa tano, naye ni mgumu kumtambua kuliko wote, maana amejiandikisha. Ana watu kumi, aandika watano. Alipa shilingi 300,000, aandika 150,000. Mbele ya watu aonekana mtiifu. Lakini siku ya ajali, asilimia 70 ya 150,000 ni shilingi 105,000, na kijana aliyestahili 210,000 huwa amepunjwa nusu ya haki yake, siku ileile ambayo hana nguvu ya kuidai. Mshahara uliofichwa kwenye karatasi hauwezi kumlisha mgonjwa.

Wala tusidhani kwamba fidia yatosha. Fidia huja baada ya ajali; hairudishi kidole wala haimfufui mtu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri azuie hatari kwanza: mashine ziwe na vifuniko vyake, walio juu wafungwe mikanda, wapasuao mawe wafunikwe pua na vinywa. Kinga ni bora kuliko tiba. Lakini ajali nayo haina kinga iliyo kamili, ndiyo maana sheria hizi mbili zaandamana.

Sasa neno kwa mfanyakazi mwenyewe. Usingoje siku ya ajali ndipo uulize. Uliza leo, kwa adabu: "Mzee, je, tumeandikishwa katika Mfuko wa Fidia?" Swali hili si utovu wa heshima, ni kama kuuliza njia kabla ya safari. Weka karatasi zako za mshahara mahali salama, hata kama ni kipande kidogo chenye sahihi. Ukiumia, mwarifu mwajiri au msimamizi upesi, hata kama jeraha ni dogo, maana jeraha dogo la leo laweza kuwa ugonjwa mkubwa kesho. Wakumbuke walioona ajali. Hospitali waeleze wazi kwamba uliumia kazini, na cheti cha daktari kitunze. Mwajiri akiisha kuarifiwa, yampasa kuupasha Mfuko habari katika siku 7. Madai yenyewe yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Na ikiwa mwajiri akataa, au akuambia unyamaze ili upate kurudishwa kazini, nenda ofisi ya Mfuko au kwa afisa kazi, ueleze habari yako. Kunyamaza hakukumrudisha mtu kazini mwenye vidole viwili, ila kumempotezea muda wake wa kudai.

Na ninyi mlio vijijini, mnaye sehemu yenu. Kijana akirudi nyumbani na mkono umefungwa, msianze kwa kuuza mbuzi. Kwanza mwulizeni: Uliumia wapi? Tarehe gani? Nani alikuwapo? Tajiri wako alipeleka habari? Cheti kiko wapi? Kisha mtafuteni mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko mzuri, aandike majibu yote katika daftari, tarehe kwa tarehe. Wengi wamekosa haki yao si kwa sababu hawakustahili, bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwauliza maswali hayo matano kabla ya mwaka kwisha. Kadhalika akifa mtu kazini, mjane asiambiwe kwamba sanda na mchele wa matanga ndiyo mwisho wa habari. Yeye na watoto wana haki yao, na haki hiyo huombwa kwa karatasi, si kwa machozi.

Kwa waajiri neno letu la mwisho ni fupi. Mafundi wenu ndio waliojenga jina lenu. Kila asubuhi huja na mikono kumi na kuiweka mbele ya mashine zenu, kwa kuwaamini. Shilingi 1,500 kwa mtu kwa mwezi ni bei ndogo ya kuaminiwa huko. Lipeni, tena andikeni hesabu ya kweli, ili siku ya ajali msitafute maneno ya kusema kwa mama wa mtu.

Hapa ndipo tunapokoma leo. Wenye kusoma na wawasomee wasiojua, na mwenye ndugu Temeke au Kinondoni na ampelekee habari hizi kabla ya mwisho wa juma. Kwaherini.